Konokono wa Kibwezi na Mikono ya Wafugaji

Ukitoka Tawa ukateremka kupitia Wote na Makindu, vilima vya Mbooni vinabaki nyuma, joto linaongezeka, na mwishowe unafika Kibwezi. Wataalamu wa konokono duniani wanalijua jina la mji huo, kwani mwaka 1894 Edgar Smith alieleza konokono mdogo aitwaye Gonaxis kibweziensis. Gamba lake limepinda upande, na chakula chake si majani: hula konokono wenzake.

Tabia hiyo ndiyo iliyompa safari. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, yule mharibifu wa mboga anayetoka mvua ikinyesha, alikuwa amesambazwa na watu hadi visiwa vya Pasifiki. Wakubwa wa kilimo huko wakaona dawa ya moto ni moto. Mwaka 1950 mwenzetu wa Kibwezi akaachiliwa katika kisiwa cha Agiguan, kisha akafikishwa Hawaii. Hata hivyo, lawama kubwa ya maafa yaliyofuata si yake. Ni ya Euglandina rosea kutoka Florida, naye pia konokono mla konokono, aliyepelekwa Hawaii mwaka 1955 na kisiwa cha Moorea mwaka 1977. Huyu aliwaacha konokono wakubwa akawageukia wadogo wanaoishi mitini, akina Partula, ambao hawakuwahi kujua adui wa namna hiyo. Miaka kumi haikuisha vizuri kabla Moorea haijabaki tupu. Wanasayansi Bryan Clarke na James Murray, waliokuwa wakiwachunguza Partula kwa miaka mingi, na wenzao wakawahi kuwaokoa wachache na kuwatuma kwenye maabara na bustani za wanyama za Uingereza na Marekani.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya mikono, na mikono hiyo ndiyo inayonivutia. Partula hatagi mayai kama konokono wengi. Huzaa mtoto mmoja kwa wakati mmoja, tayari ana gamba, mdogo kama mbegu ya mtama. Anafugwa ndani ya kisanduku cha plastiki kilichotandikwa karatasi laini yenye unyevu. Chakula chake ni rojo la oti, majani ya thabai yaliyokaushwa na chaki, ambalo mfugaji hulipaka ukutani. Karatasi ikichafuka hutolewa, lakini haitupwi hivi hivi. Hukunjuliwa na kukaguliwa kila pembe, kwa kuwa mtoto aliyeng'ang'ania karatasi anaweza kwenda na takataka, na pengine huyo ni mmoja kati ya wachache waliobaki wa aina yake ulimwenguni. Kisha wote wanahesabiwa, na hesabu inaandikwa. Kesho kutwa yanarudiwa yale yale. Sijui kazi nyingine inayofanana zaidi na kupepeta nafaka kwa ungo, mchana kutwa, bila kupoteza hata punje moja.

Hata kwa uangalifu huo, makosa hayana huruma. Partula turgida alikwisha London mwaka 1996 kwa ugonjwa wa vimelea. Partula faba, aliyejulikana na Wazungu tangu safari za James Cook, alikufia Edinburgh mwaka 2016. Ndiyo sababu kundi moja hugawanywa kati ya bustani kadhaa: ugonjwa ukiingia moja, nyingine zisalie. Mfugaji wa London, wa Edinburgh na wa Detroit wanafanya jambo moja kwa taratibu moja, pengine wasipate hata kuonana.

Tangu mwaka 2015 wanawarudisha visiwani. Kabla ya safari kila gamba hupakwa doa dogo la rangi inayong'aa chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, ili usiku watafutaji wamtambue mgeni wao mtini. Alama hiyo ina werevu wake: inamtofautisha aliyeletwa na aliyezaliwa hapo. Mwaka 2024, Moorea, walimkuta Partula tohiveana mkubwa asiye na doa. Maana yake alizaliwa porini na kukulia porini. Mfugaji aliyesafisha visanduku miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa, na kwangu hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa ambayo fundi wa kazi hii anaweza kupata.

Tatizo halijaisha, kwani minyoo bapa kutoka Guinea Mpya, inayokula konokono, imeshafika Tahiti. Konokono wengine wa jamii ya Partula bado wanaongezwa porini kwa maelfu, na visanduku vya London havijapunguziwa karatasi.