Grand Kallé alivyopanga mahasimu katika cha-cha-cha

Januari 1960 viongozi wa Kongo ya Wabelgiji walikaa Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Duara, wakiwa na vyama vingi na imani haba baina yao. Patrice Lumumba alitolewa gerezani, akawasili tarehe 26. Kesho yake mkutano ukakubali siku ya uhuru: 30 Juni. Mjini humo kulikuwa pia na Wakongo wengine wasio na kiti mezani. Hao walikuwa wanamuziki wa African Jazz, bendi ya Joseph Kabasele, maarufu kama Grand Kallé, walioalikwa na Thomas Kanza ili wawapigie wajumbe dansi.

Kilichotoka katika safari hiyo ni Indépendance Cha Cha. Kila ifikapo 30 Juni wimbo huo hupigwa na kuitwa wimbo wa shangwe. Sawa, lakini shangwe ilikuwa ya kila mtu mwaka ule, na nyimbo nyingi za shangwe zimeshasahaulika. Huu ulidumu kwa sababu ya namna ulivyoundwa.

Tuanze na bendi yenyewe. Kabasele hakwenda Ulaya na watu wake peke yao. Alimchukua Vicky Longomba wa kuimba na Armand Mwango, aliyejulikana kama Brazzos, wa kupiga besi, wote wawili kutoka OK Jazz, mshindani wake mkubwa kwenye baa za Léopoldville, Kinshasa ya leo. Gita la solo lilishikwa na Nicolas Kasanda, yule Docteur Nico, na la kusindikiza na kaka yake Déchaud. Hao ni watoto wa Kasai. Petit Pierre na Roger Izeidi walishika midundo. Kabla neno moja la umoja halijaimbwa, jukwaa lenyewe lilikuwa limeshaunganisha kambi mbili zilizokuwa zikigombea wasikilizaji walewale.

Halafu mdundo. Cha-cha-cha ni ya Kuba, nazo santuri za Kuba za mfululizo wa GV zilikuwa zimeenea Kongo tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo vijana wa mjini waliujua mdundo huo vizuri, ila haukuwa ngoma ya kabila lolote nchini. Katika mwaka ambao vyama vingi vilisimama juu ya ukabila, uchaguzi huo ulikuwa na akili. Mtu wa Kongo ya Chini hakuweza kulalamika kwamba anachezeshwa ngoma ya Mbangala, wala Mluba kwamba anachezeshwa ya Mlunda.

Lakini ufundi mkubwa uko kwenye beti. Kabasele hakuandika hotuba. Aliandika orodha: majina ya vyama, kisha majina ya watu. Ukiitazama vizuri orodha hiyo utaona kwamba imepangwa kwa ugomvi. Lumumba anatajwa pamoja na Kalonji, watu waliokuwa wamegawana chama cha MNC vipande viwili mwaka uliotangulia. Bolikango anakaa ubavuni mwa Kasavubu, na miezi michache baadaye wawili hao wangegombea urais wa nchi. Chama cha Conakat kinaunganishwa na muungano wa Cartel. Wasioweza kukaa meza moja bila kununiana wamelazimishwa kupita katika pumzi moja ya mwimbaji. Na katikati ya vyama hivyo bendi imepachika jina lake yenyewe, African Jazz, kana kwamba nayo ilikuja na wajumbe. Utani huo mdogo una uzito: wapiga gita wanajihesabu miongoni mwa waliouleta uhuru.

Faida nyingine ya orodha ni kwamba haihitaji mkalimani. Beti zimeimbwa kwa Kilingala, lugha ya mto na ya jeshi, ilhali Albertville, mji unaoitwa Kalemie leo, ulizungumza Kiswahili. Msikilizaji wa ufukwe wa Tanganyika asingeshika kila sentensi, ila neno la kiitikio alilijua, kwa sababu mwaka huo lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na majina aliyajua. Wimbo wa majina humpa msikilizaji kazi ya kufanya: anamsubiri mtu wake.

Hapo ndipo mambo ya kaskazini mwa Katanga yanapopendeza kuchunguzwa. Moïse Tshombe, kiongozi wa Conakat, ametajwa kwa jina. Jason Sendwe, kiongozi wa Balubakat na mtu mkubwa kuliko wote kwa Waluba wa eneo hilo, hakutajwa, ingawa alikuwepo Brussels. Kinachobaki kwa wafuasi wake ni Cartel. Nayo Cartel ilisikika kwa njia mbili. Huko Brussels ilikuwa kambi ya Kasavubu, yaani Abako na washirika wake. Katanga, ulipofika uchaguzi wa Mei, Cartel ilikuwa Balubakat pamoja na Fedeka na Atcar. Kwa hiyo wimbo uleule ulimpa mtu wa Léopoldville chama kimoja na mtu wa Albertville kingine, na kila mmoja akaweza kucheza akiamini ametajwa yeye.

Uchaguzi huo wa Mei uliipa Conakat viti 25 na Cartel 23 kati ya 60 vya baraza la jimbo. Tarehe 11 Julai, siku 11 tu baada ya uhuru, Tshombe akatangaza Katanga kujitenga. Majina mawili yaliyoimbwa bega kwa bega yakawa pande mbili za vita, na vita hiyo ilipiganwa jirani kabisa na Albertville. Novemba 1960 askari 9 wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliuawa Niemba. Sendwe mwenyewe aliuawa Albertville Juni 1964.

Novemba hiyohiyo ya 1960 jazi ya aina nyingine ilifika Katanga. Louis Armstrong alipiga Léopoldville mwishoni mwa Oktoba, kisha akaenda Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika ziara iliyogharamiwa na serikali ya Marekani pamoja na Pepsi-Cola. Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake. Tarumbeta ya Armstrong haikutaja chama wala mtu; siasa yote ilikuwa kwa aliyelipa tikiti ya ndege. Maelfu walimshangilia, na shangwe yao ilikuwa ya kweli. Ila kama ujumbe wa siasa, muziki ule ulikuwa dhaifu, maana haukumwachia msikilizaji mahali pa kujibu.

Jibu lilipatikana New York. Lumumba aliuawa karibu na Élisabethville tarehe 17 Januari 1961, na habari ikatangazwa 13 Februari. Siku mbili baadaye Abbey Lincoln, Max Roach na Maya Angelou walikuwa miongoni mwa waliovuruga kikao cha Baraza la Usalama kwa makelele ya maombolezo na hasira. Lincoln na Roach walikuwa wametoka kurekodi We Insist!, albamu ambamo sauti ya Lincoln inapiga mayowe bila maneno. Mayowe ya studio yakahamia ukumbini.

Kati ya njia hizo tatu, ya Kabasele ndiyo iliyotembea mbali zaidi, na sababu si kwamba ilikuwa na msimamo mkali. Haikuwa nao. Iliacha nafasi. Nchi 17 za Afrika zilipata uhuru mwaka 1960, na wimbo ulivuka mipaka kwa urahisi kwa kuwa kiitikio chake hakikuwa cha Kongo peke yake. Udhaifu wake nao uko palepale: orodha inaweza kuwaweka mahasimu katika mstari mmoja, lakini haisemi watagawanaje madaraka wakishashuka jukwaani. Mkazi wa Katanika, mtaa wa Kalemie uliowapokea watu waliokimbia mapigano ya Watwa na Waluba, hahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Aliyeijibu orodha hiyo waziwazi ni mzaliwa wa Lubumbashi. Mwaka 2010, uhuru ulipotimiza miaka 50, mwanamuziki Baloji aliurekodi upya wimbo wa Grand Kallé, akageuza shangwe kuwa maswali juu ya yaliyofuata. Katika jina la wimbo huo aliweka maneno ya Kiswahili: Siku ya Baadaye.