Sifa za Kuziba Tundu

Boksi la pikipiki lililonunuliwa mkononi huja na matundu yake. Manne yako chini, pale lilipofungwa kwenye keria ya pikipiki ya kwanza. Mawili yako nyuma, ya taa iliyokwisha kung'olewa. Moja liko ubavuni, na hakuna anayekumbuka lilitobolewa kwa ajili gani. Keria ya pikipiki mpya ina nafasi zake za bolti, hailingani na ile ya zamani, basi boksi linatobolewa upya na matundu ya awali yanaachwa wazi. Kiangazi hayamsumbui mtu. Masika yakishuka Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, tairi la nyuma linayapiga maji ya barabarani kutoka chini, na maji yale, pamoja na tope na mafuta ya magari, yanapanda hadi kwenye mkate wa mteja, kwenye bahasha ya nyaraka, kwenye dawa za mgonjwa.

Kuyaziba ni kazi isiyo na jina. Hakuna kibao barabarani kinachoitangaza. Wengi huifanya kwa dakika mbili: kipande cha utepe, au tone nono la silikoni, imekwisha. Utepe unabanduka kwa joto la jua. Silikoni nayo ina mambo yake. Ile ya bei rahisi, inayonuka siki, hutoa asidi inapokauka. Ikipakwa kwenye chuma kitupu, kutu huanzia chini yake, mahali jicho halifiki. Hukauka kutoka nje kwenda ndani kwa kunywa unyevu wa hewa, milimita mbili tatu kwa siku, kwa hiyo donge linaloonekana kavu asubuhi linaweza kuwa uji katikati. Na ikishashika, hakuna rangi itakayokubali kukaa juu yake.

Fundi anayeijua kazi hashiki kizibo kwanza. Hulipindua boksi, akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akatafuta herufi ndogo zilizochapwa kwa ndani: ABS, PP, PE. Herufi hizo ndizo zinazomwambia afanye nini, kwa kuwa plastiki si kitu kimoja. ABS huyeyuka katika asetoni. PP na PE haziyeyuki, wala gundi ya kawaida haizishiki, maana uso wake ni kama umepakwa nta. Hizo zinataka moto, kwa ufundi uleule wa wanaoziba mabeseni na ndoo mitaani kwa chuma kilichopashwa na kipande cha plastiki ya jamii ileile. Faibaglasi ina njia ya tatu: kingo za tundu husagwa mteremko pande zote mbili, kisha vitambaa vya nyuzi vilivyolowa gundi yake hupangwa kimoja juu ya kingine, ili kiraka kilishike boksi kwa upana badala ya kusimama kwenye mdomo wa tundu kama kizibo cha chupa.

Mtazame akiwa na boksi la ABS. Kwanza analisugua tundu kwa msasa mpaka liwe duara safi, lisilo na pembe wala ufa. Hilo si la urembo. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani, Ernst Gustav Kirsch, alionyesha kwa hesabu kwamba bamba lenye tundu la duara likivutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu hufika mara tatu ya ule ulioenea kwingine. Tundu lenye pembe kali hali yake ni mbaya zaidi. Ndiyo maana boksi linalotikiswa kila siku kwenye barabara ya mashimo huanza kupasuka kwenye matundu ya bolti. Na ndiyo maana fundi akikuta ufa umeshaanza, hutoboa tundu dogo la duara kwenye ncha yake ili usiendelee kutambaa. Anatoboa kwanza, ndipo anaziba.

Kisha anakwangua ukingo wa ndani wa boksi lenyewe, mahali pasipoonekana, akapata unga mweusi wa kiasi cha kijiko. Anautia kwenye kichupa cha glasi pamoja na asetoni na kuuacha mpaka uwe mzito kama asali. Upande wa nje anabandika utepe, kisha kutoka ndani anajaza rojo kwa ncha ya kijiti, kidogo kidogo. Hajazi lote kwa mara moja, kwa sababu asetoni ikiruka rojo hunywea na kuacha bonde. Tabaka la kwanza leo, la pili kesho. Mwisho ni msasa wa maji, ule wa 120 kisha wa 400, na kidole kinachopita mara nyingi kikitafuta pale palipokuwa na tundu. Kilichoziba boksi ni boksi lenyewe. Ufundi mzuri kuliko huo ni nadra.

Hata hivyo, si kila tundu linastahili kufutwa milele. Nchini Marekani, pikipiki ya Honda Gold Wing ilipoanza kuuzwa mwaka 1975 haikuwa na masanduku ya kiwandani. Wenye safari ndefu waliyafunga wenyewe, wakatoboa walivyoona inafaa. Mwaka 1980 ndipo lilipotoka toleo la Interstate likiwa na masanduku yake tayari. Anayetunza pikipiki za namna hiyo hupenda kizibo kinachoweza kutoka tena: cha mpira, chenye mfereji unaouma ukingo wa bamba, au bolti fupi ya kichwa cha mviringo yenye washa mbili za mpira. Chini ya zulia la gari lolote kuna vizibo vya mpira vya jinsi hiyo. Vimeziba matundu ambayo kiwandani yalipitisha rangi itiririke bodi inapotolewa kwenye dimbwi la kuchovyea. Huku kwetu washa ya mpira hukatwa kwenye tyubu iliyochakaa, nayo hudumu miaka.

Pwani inaujua ufundi huu wa kuziba matundu tangu zamani. Mtepe, chombo cha zamani cha Lamu, ulishonwa kwa kamba za makumbi badala ya misumari; kila mshono ulipita kwenye tundu lililotobolewa kwa keekee, na tundu likazibwa kwa kijiti, la sivyo chombo kingezama bandarini. Jahazi la misumari nalo hukalafatiwa kwa pamba na kupakwa mafuta ya papa, ambayo wenyeji huyaita sifa. Neno lenyewe limekaa mahali pake.

Aina moja tu ya tundu haizibwi. Bodi ya guta inayobeba samaki na barafu kutoka soko la Feri ina matundu ya kutolea maji pale sakafu inapoinama. Mwenye haraka huyafunga pamoja na mengine, na maji ya chumvi yanatuama ndani yakila chuma usiku kucha. Fundi mzuri humwaga kikombe cha maji sakafuni kwanza, akaangalia yanakimbilia wapi. Tundu la pale chini kabisa analiacha, analisafisha kingo, anazipaka rangi ya msingi.

Kwa hiyo wewe unayepeleka boksi lako likazibwe, usilipe kabla halijajaribiwa. Tandika gazeti ndani, funga kifuniko, mwambie fundi alimwagie ndoo nzima ya maji kwa chini, kwa nguvu, kama tairi linavyorusha. Fungua. Gazeti likiwa kavu, mlipe alichoomba bila kupunguza.