Casey Jones: Nyumba, Injini na Mwenye Wimbo

Makumbusho ya reli ya mji wa Jackson, jimbo la Tennessee nchini Marekani, yamesimama juu ya jina la mtu mmoja. Humo imehifadhiwa nyumba ya John Luther Jones, dereva wa treni wa kampuni ya Illinois Central. Lakabu yake ya Casey ilitokana na Cayce, kijiji cha Kentucky alikokulia. Nyumba hiyo ilifanywa makumbusho mwaka 1956, na mwaka 1980 ikahamishwa kutoka mtaani kwake hadi mahali ilipo sasa.

Kisa chenyewe ni kifupi. Alfajiri ya 30 Aprili 1900, Jones alikuwa akiendesha treni ya abiria kutoka Memphis kwenda Canton, akijitahidi kufidia muda uliopotea. Karibu na Vaughan, Mississippi, mabehewa ya treni ya mizigo yalikuwa bado hayajaondoka njiani. Alimwambia mchochea moto wake, Sim Webb, aruke. Mwenyewe akabaki na breki. Abiria walinusurika, akafa yeye peke yake. Uchunguzi wa kampuni ulimtwisha Jones lawama yote. Webb, Mmarekani Mweusi, aliishi hadi 1957, naye hakuikubali hukumu hiyo.

Kando ya nyumba imewekwa injini ya mvuke yenye namba 382, namba ya ile aliyofia Jones. Lakini injini hiyo siyo. Asili yake ni namba 99 ya reli ya Clinchfield, ikapakwa rangi na kupewa namba ya mwenziwe. Injini ya kweli ilitengenezwa baada ya ajali, ikarudishwa kazini, na mwishowe ikavunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1935. Mtazamaji hana haja ya kukasirika. Chuma hakidai nasaba, na injini ya kuazima yatosha kumwonyesha mtoto ukubwa wa kitu kilichomuua mtu.

Wimbo, hata hivyo, haukubali kuazimwa hivyo. Madereva wengi walikufa relini miaka ile wakasahauliwa. Jones alikumbukwa kwa sababu aliimbwa. Na mapokeo yanamtaja aliyemwimba kwanza: Wallace Saunders, Mmarekani Mweusi aliyesafisha injini katika karakana ya Canton. Wimbo wake ulienea kwa midomo, kisha mwaka 1909 ukachapishwa kwa sura nyingine, maneno yakiandikwa kuwa ya T. Lawrence Seibert na muziki wa Eddie Newton. Faida ya mauzo haikumfikia Saunders. Sura hiyo iliyochapishwa ilimdhuru pia mjane wa Jones, Janie, kwa kudokeza kwamba alikuwa na mwanamume mwingine. Bibi huyo aliishi hadi 1958, akiikanusha kashfa hiyo miaka yote.

Hapa msomaji wa pwani ana kipimo chake. Watunzi wengi wa tenzi waliweka jina lao, na pengine tarehe, katika beti za kutamatia, wakijua kwamba utungo usio na mwenyewe huokotwa na kila apitaye. Saunders hakuwa na karatasi ya kuzuia jambo hilo. Wala pwani isijione imetakasika: sauti ya Siti binti Saad, iliyonaswa katika santuri kule Bombay mwaka 1928, inajulikana na wengi, lakini ni wangapi leo wawezao kutaja watunzi wa mashairi aliyoyaimba?

Nyumba ya Jackson inastahili kuzuriwa, na Jones anastahili heshima yake. Azuruye na aiangalie injini, aikumbuke namba yake ya asili, kisha amuulize mwongozaji swali moja: wimbo huu ni wa nani? Jibu lisipomtaja Wallace Saunders, basi ziara hiyo imekamilika nusu.