Kisiwa cha Msumbiji: Siku Moja Tu, na Nimepagawa!

Jamani, twendeni Ilha de Moçambique! Nimekanyaga kisiwa hiki kwa mara ya kwanza, nimezunguka tangu asubuhi hadi magharibi, na nasema bila kusita: katika miji mikongwe yote ya pwani niliyowahi kuiona, hakuna ulionisisimua kama huu.

Raha inaanza kabla hujafika. Kutoka mji wa Nampula ni kilomita 180 hivi, mikorosho huku na huku, kisha ghafla bahari! Unaingia kwenye daraja jembamba la zaidi ya kilomita 3. Gari likija kwa mbele, mmoja wenu lazima ajibanze pembeni ampishe mwenzake. Ng'ambo ndiko kiliko kisiwa, urefu kilomita 3, upana hauzidi nusu kilomita. Kote utafika kwa miguu!

Na rangi sasa! Kasri ya São Paulo, chuo cha Wajesuiti cha mwaka 1610 kilichogeuzwa makao ya gavana, ni nyekundu iliyokolea hasa. Vichochoro vinavyoizunguka ni vya waridi, manjano ya bizari na buluu iliyopauka. Sogea karibu na ukuta wowote: manjano yamebanduka, chini yake kuna waridi, chini ya waridi kuna chokaa nyeupe, na chini kabisa jiwe la matumbawe, vitundu vyake vya baharini bado vinaonekana. Nilibaki nimeduwaa!

Kwenye ncha ya kaskazini kuna Ngome ya São Sebastião, iliyoanza kujengwa mwaka 1558. Waholanzi waliizingira mwaka 1607, wakarudi 1608, wakashindwa mara zote mbili. Kilichonivutia zaidi ni maji: kisiwa hakina mito, kwa hiyo mvua inayonyesha ngomeni huelekezwa kwenye birika. Ufundi ulioje! Nyuma ya ngome, juu ya miamba, kuna kanisa dogo la Nossa Senhora do Baluarte la mwaka 1522, linalotajwa kuwa jengo kongwe kuliko yote ya Wazungu katika kizio cha kusini. Ingia, inua macho utazame kuba lake la mawe. Hapo mimi nilinyamaza kabisa.

Chakula cha mchana, agiza matapa ya siri-siri: mboga ya ufukweni iliyopikwa kwa tui na korosho hadi ikawa nzito, laini, tamu ajabu. Pembeni wamekaa kina mama wenye urembo mweupe wa musiro usoni, leso zao zinawaka rangi. Ukibahatika kukuta ngoma ya tufo, usiondoke mpaka iishe!

Lakini moyo wa kisiwa uko kusini, Mji wa Makuti. Hapa unateremka kwa ngazi, kwa sababu mtaa mzima uko chini ya usawa wa barabara. Mapaa unayaona kwa juu. Ndimo yalimochimbwa mawe yaliyojenga makasri ya kaskazini, na waliofanya kazi hiyo wakajijengea nyumba zao ndani ya shimo hilo hilo. Kisiwa hiki kilikuwa mji mkuu wa koloni la Wareno hadi 1898, kikatajirika kwa pembe za ndovu, dhahabu na watumwa waliosafirishwa hadi Brazili. UNESCO ilikiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1991, mji wa mawe wa kaskazini na Mji wa Makuti pamoja, na kilistahili.

Ushauri wangu, basi: lala Nampula, ondoka alfajiri, na usianzie kasrini kama wageni wengi. Anzia Makuti. Shuka ngazi, amkiana na watu, tazama kina cha shimo, kisha ndipo upande kaskazini. Ukifika mbele ya zile kuta za waridi na manjano utazipenda mara mbili, maana utajua kila jiwe lilitoka wapi na mikono ya nani ililichonga. Nendeni!