Vigumba Pacha

Fundi akitengeneza kitu kimoja cha ajabu, sifa humfikia siku ile ile. Akitengeneza vitu thelathini vilivyolingana hata jicho lishindwe kujua kipi kilitangulia, mnunuzi hulipa na kwenda zake. Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumsifu: mhunzi wa vigumba vya mishale katika nchi ya Mara, pamoja na mwenzake wa mbali, msubu wa risasi za bastola za kuwindia. Bahari imewatenganisha, na zama pia, lakini ustadi wao ni mmoja. Wote wawili humuuzia mwindaji uhakika kwamba chombo cha kesho kitakwenda kama kilivyokwenda cha leo.

Waikoma, Wanata, Waikizu na Wazanaki waliijua nyama ya porini kabla ya mpaka wowote wa hifadhi kuchorwa. Nyumbu wahamao wanapoingia ukanda wa magharibi wa Serengeti, kati ya Mei na Julai, huvuka nyika ambayo wazee wa makabila hayo waliizoea kama uwanja wa nyumbani. Nyama ililiwa, na mikia ikapelekwa Usukuma kubadilishwa kwa mali nyingine. Mwindaji aliweza kujichongea uta, kunyoosha uti wa mshale kwenye moto na kuufunga manyoya. Chuma kilikuwa na wenyewe. Kwa chuma alikwenda kwa Waturi, koo za wahunzi, watu waliohitajiwa na kila mji na bado wakaogopwa, wakioana wenyewe kwa wenyewe. Kigumba kilikuwa bidhaa ya kununuliwa. Kwa hiyo, kabla ya kujua kulenga, mwindaji alipaswa kujua kununua.

Na hii ni nchi ya chuma cha kale. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Buhaya, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 jinsi wayeyushaji wa karibu miaka 2,000 iliyopita walivyopata chuma chenye kaboni kwa kuipasha hewa moto kabla haijafika ndani ya tanuri. Upande wa Geita, Warongo walijulikana kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Watu wa kandokando ya ziwa hawakulipokea jembe wala mshale kama muujiza. Waliujua moto unaovizaa, na anayeujua moto hudanganyika kwa shida.

Mnunuzi hodari wa vigumba hutazama nini? Kwanza uzito. Uta hausukumi kwa nguvu nyingi, na kigumba kilichozidi wenzake hushusha mshale chini ya pale mkono ulipozoea kuutuma. Pili, ulinganifu wa mabega: bega moja likiwa pana kuliko jingine, hewa huuvuta mshale pembeni. Tatu, shina linaloingia kwenye uti, lisiwe na ulegevu wala lisipasue mti. Nne, ugumu, na hapa ndipo mhunzi hujulikana. Chuma laini, kama cha msumari wa inchi sita, hufulika kwa urahisi lakini hujikunja kikigonga mfupa. Chuma cha springi ya gari huwa kigumu sana kikizamishwa majini kikiwa chekundu, na kisiporudishwa motoni taratibu ili kipunguze ukali wake, huvunjika kama chungu. Kigumba chema hukaa katikati: kinashika makali na bado kinavumilia pigo.

Usawa huo hauji kwa bahati. Mhunzi hukata vipande vyake vyote kwanza, urefu mmoja, ndipo amwambie mvukuta mivukuto aanze. Hutoa kila kipande motoni kwa rangi ile ile, kwa maana chuma kikipita wekundu na rangi ya chungwa hadi kuwa cheupe na kutoa cheche, kimekwisha kuungua, na hakuna nyundo itakayokiponya. Hukilaza kwenye fuawe pembe ile ile na kukipiga kwa mpangilio ule ule. Kipande cha ishirini na tano kinadai makini sawa na cha kwanza, na saa hiyo bega limechoka na jua limepanda. Kumiliki mkono wako hata uchovu usionekane katika kazi ni elimu kubwa kuliko kubuni nakshi, nami naamini hivyo kwa moyo wote.

Sumu nayo ilidai usahihi wake. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ilipikwa kutokana na msunguti, mti ambao utomvu wake huusimamisha moyo. Ilipakwa nyuma ya ncha, kisha ikafungwa ukanda wa ngozi isikauke. Kigumba kilichofuliwa kinene mno mahali hapo hakikuingia kwa kina, na sumu ikabaki kwenye manyoya ya mnyama. Kosa la nyundo lililofanyika nyumbani liligeuka kuwa mnyama aliyejeruhiwa na kupotelea kichakani.

Ndiyo maana nasema silaha ya karibu humdai mtu maandalizi zaidi kuliko silaha ya mbali. Bunduki kubwa ina nguvu ya ziada inayofunika kasoro ndogo. Mwenye uta hana akiba hiyo. Hunyatia upepo ukimjia usoni, hatua kwa hatua, hadi asikie mnyama akitafuna. Na simba mwenda pole ndiye mla nyama. Lakini upole wote huo hauna faida kama kile alichokibeba ndani ya podo hakimtii.

Gobore lilipoenea, tabia hii njema ilitikisika. Mtutu mpana usio na mikato ndani hupokea chochote: goroli, kipande cha nondo, hata kokoto. Silaha isiyobagua humfundisha mwenyewe kutobagua. Kipande kisicho na umbo huruka kwa njia yake chenyewe, hurarua nyama na mara nyingi huacha majeraha badala ya kifo. Siulaumu uhunzi uliotengeneza magobore. Mengi ni kazi ya mikono mizuri. Nalaumu kuachwa kwa swali la zamani: je, hiki ninachokitia ndani kinafanana na kile nilichokifanyia mazoezi?

Swali hilo hilo limehifadhiwa vizuri Marekani, miongoni mwa watu wanaowinda paa na nguruwe mwitu kwa bastola. Nao ni wawindaji wa karibu, wengi wakijiwekea kikomo cha chini ya mita 100. Elmer Keith, mchunga ng'ombe na mwandishi wa Idaho, alitumia miaka mingi akitetea risasi nzito ya kusubu yenye uso bapa, ya gramu 16 hivi, kazi iliyosaidia kuleta bastola ya .44 Magnum mwishoni mwa mwaka 1955. Risasi ya namna hiyo haitegemei kupanuka mwilini. Uso wake bapa hukata njia pana, na uzito wake huipitisha hadi upande wa pili.

Anayezinunua zikiwa tayari zimesubiwa kiwandani hukagua mambo ambayo mnunuzi wa vigumba angeyatambua mara moja. Madini ya risasi matupu huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 na ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na antimoni ili yawe magumu na bati ili yajaze kalibu hadi kwenye pembe. Mchanganyiko unaouzwa sana una sehemu 92 za risasi, sita za antimoni na mbili za bati. Ukiwa laini kupita kiasi, mikato ya mtutu huuchubua. Ukiwa mgumu kupita kiasi kwa nguvu ya baruti iliyotumika, hautanuki kuziba mtutu, na moto hupenya pembeni ukiacha madini yamegandamana ndani. Kipenyo nacho hupimwa kwa sehemu ya elfu ya inchi, kwa sababu risasi iliyopungua kidogo tu haishiki njia.

Lipo na jambo jingine ambalo kila mnunuzi angepaswa kulijua. Kiwanda hufanya baadhi ya mambo kwa ajili ya mpigaji na mengine kwa ajili yake chenyewe. Kitako kilichokatwa mshazari hurahisisha risasi kutoka kwenye kalibu. Nta ngumu ya rangi huvumilia safari ndani ya sanduku, hata kama nta laini ingelainisha mtutu vizuri zaidi. Huo si wizi, bali ni mahitaji ya biashara. Mnunuzi mwenye akili huyatenganisha mawili haya, hupima chache kwa mizani, hutazama vitako kama vina mashimo, ndipo anunue nyingi.

Madini haya yana deni lake pia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Tai hufa kwa kula mabaki yenye vipande vya risasi, na California imepiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Anayesubu bila hewa ya kutosha, au karibu na watoto, ameshindwa kazi hata kama risasi zake zinang'aa. Kulinda pumzi za walio karibu ni sehemu ya ufundi.

Kwetu, mlango wa kuwinda ovyo umefungwa, na ni haki. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na leseni. Waliofukuzwa kwenye nyika ya babu zao walipoteza kitu halisi, na jambo hilo lisemwe wazi. Lakini kilichochukua nafasi ya mshale katika ujangili ni kibaya zaidi: kitanzi cha waya, kinachonasa swala mwenye mimba, fisi na hata simba, kikaua usiku mwenyewe akiwa amelala. Kitanzi hakihitaji fundi, wala mnyatiaji, wala mtu wa kuamua. Ukikiweka kando ya kigumba kilichofuliwa vema, unaona tulichopoteza pamoja na uta: ule wajibu wa mtu kusimama karibu na kuchagua.

Ufundi wa kulinganisha haukufa na mshale. Wahunzi wanafua majembe, visu na mapanga kwa chuma chakavu, na macho yanayohitajika ni yale yale. Fundi hudumu katika ubora anaodaiwa. Mnunuzi asiyejua kukagua humzoesha ulegevu, kisha hulalamika kwamba mafundi wa zamani wamekwisha. Tukienda sokoni Bunda, Musoma au Butiama, tushike mapanga mawili kwa pamoja, tulinganishe uzito, tutazame mgongo na shina, tulikatae lililofuliwa kwa pupa na kumweleza mhunzi sababu. Na lile lililolingana na wenzake, tulilipie bei yake kamili.