Programu ya Video Ipimwe kwa Ngoma

Anayetaka kujua kama programu yake ya kuhariri video inaijua sauti, aipe ing'oma ya Wanyakyusa. Mtazamaji anauona mkono ukishuka juu ya ngozi na anataka mlio papo hapo. Mlio ukichelewa kidogo, video nzima inapoteza ukweli wake, hata kama picha inang'aa. Kwa hiyo sisi tunaorekodi ngoma na kwaya kuanzia Kyela mjini hadi Matema tuanze kuchagua programu kwa upande wa sauti, kisha ndipo tuangalie rangi na mbwembwe za maandishi.

Tuanze na muda. Sauti husafiri hewani karibu mita 345 kwa sekunde katika joto letu la kando ya Ziwa Nyasa. Kamera ikirudi nyuma mita 30 ufukweni Matema, ili iwapate wachezaji wote pamoja na Milima ya Livingstone, mlio unaifikia umechelewa milisekunde 87 hivi. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40, kwa hiyo mlio uko nyuma kwa fremu mbili na ushei. Dawa yake ni kuweka kinasa sauti karibu na ngoma, kisha kuilinganisha sauti hiyo na picha mezani.

Hapo ndipo programu zinapoachana. Maiki mbili zilizopishana mita moja kutoka kwenye ngoma zinatofautiana milisekunde 3 tu. Ni muda mfupi mno kwa jicho kuuona, lakini ukizichanganya sauti hizo mbili, zinafutana kwenye masafa ya karibu hezi 170, na ngoma kubwa inatoka nyembamba kama debe. Kurekebisha kosa hilo kunahitaji kusogeza sauti kwa vipande vidogo kuliko fremu. Ukurasa wa Fairlight ndani ya DaVinci Resolve unaweza kufika hadi sampuli moja, yaani sehemu moja ya 48,000 ya sekunde. Premiere Pro nayo inaweza ukiubadilisha mstari wa muda usome vipimo vya sauti, na Final Cut Pro inaruhusu vipande vya fremu. Kdenlive, ambayo ni ya bure na nyepesi, husogeza kwa fremu nzima.

Kipimo cha pili ni uwezo wa kushughulikia kila sauti peke yake. Upepo wa Ziwa Nyasa unaopiga maiki hujaza masafa ya chini, hasa chini ya hezi 100. Ngoma kubwa nayo inaishi hukohuko. Ukiikata besi kwenye mchanganyiko mzima, upepo unaondoka na ngoma inaondoka nao. Kata besi kwenye maiki ya mzee anayesimulia, iache kwenye maiki ya ngoma, kisha zikusanye ngoma zote kwenye njia moja ya pamoja yenye kompresa yake. Mzee anapoanza kusema, kompresa ya kundi la ngoma isikilize maiki yake na kuzishusha ngoma desibeli chache, kisha zipande anaponyamaza. Fairlight hufanya hivyo hata katika toleo la bure. Mvua ya masika ikianza kupiga mabati, zima kinasa usubiri: mlio wake umetapakaa masafa yote, na chujio litakaloutoa litaitoa na ngoma.

Uwezo huo una historia. Fairlight ilianzishwa Sydney, Australia, mwaka 1975, ikitengeneza vyombo vya muziki vya kidijitali. Blackmagic Design iliinunua mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikaiweka ndani ya Resolve 14. Vegas nayo ilitoka mwaka 1999 ikiwa programu ya sauti, picha ikafuata baadaye. Programu zenye asili ya studio ya muziki hubeba meza kamili ya kuchanganya sauti, wakati nyingi za simu zimejengwa kwa klipu fupi na wimbo mmoja wa nyuma.

Kipimo cha tatu ni mita ya ukubwa wa sauti, inayosoma kwa LUFS. YouTube huishusha video inayozidi takriban -14, kwa hiyo kuikandamiza ngoma ili ipige kelele zaidi kunaiharibu bila faida. Sikiliza pia kwa spika ya simu, kwa sababu ndiko wengi watakakotazama. Spika hiyo haitoi besi ya kutosha. Pandisha kidogo ukali wa mwanzo wa pigo, kwenye hezi 2,000 hadi 4,000, ili mdundo usomeke hata pale besi inapopotea.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro na memori ya GB 16 achukue DaVinci Resolve ya bure. Hatalipa kila mwezi kama kwa Premiere Pro. Mwenye mashine dhaifu akate picha kwenye Kdenlive, na sauti aichanganye kwenye Reaper, ambayo leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Programu ya simu inatosha kwa tangazo la maneno tu, ngoma haiiwezi.

Vyovyote utakavyochagua, tunza kila maiki kwenye faili lake la WAV, sampuli 48,000 na biti 24, kando ya video iliyokamilika. Programu zitabadilika, na vijana watakaokuja watakuwa na zana bora kuliko zetu. Tukiwaachia mchanganyiko mmoja uliokwisha kubanwa, hawataweza kuitenganisha sauti ya mpigaji mmoja na ya mwenzake. Tukiwaachia kila maiki peke yake, wataweza kujifunza namna kila ngoma inavyopigwa.