Macalder: Migodi Miwili Katika Shimo Moja

Mgodi wa Macalder, ulioko Nyatike katika Kaunti ya Migori, si mbali na ufuo wa Ziwa Victoria, hutajwa katika maandishi mengine kuwa mgodi wa dhahabu na katika mengine kuwa mgodi wa shaba, na tofauti hiyo haitokani na uzembe wa waandishi bali na umbile la mwamba wenyewe. Dhahabu ilikuwa juu na shaba ikawa chini, na historia ya mgodi huo, tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, ilifuata mpangilio huo wa matabaka, kwa kuwa kila kina kipya kilidai mtambo mwingine na mtaji mkubwa zaidi.

Sababu ya dhahabu kupatikana huko na kukosekana kwingine huonekana vyema ikilinganishwa na ardhi ambayo wakazi wa Eastlands, jijini Nairobi, huikanyaga kila siku. Katika mtaa wa Pipeline, Embakasi, uliopata jina lake kutokana na bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lililoanza kazi mwaka 1978, fundi anayechimba msingi wa ghorofa hukutana kwanza na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kisha hugonga fonolaiti, mwamba mgumu wa kijivu uliotokana na lava iliyotiririka miaka milioni 5 hivi iliyopita. Mawe ya Ndarugo yanayoletwa kwa malori kujengea kuta za ghorofa hizo nayo ni tufu, yaani majivu ya volkano yaliyogandamana. Uchanga wa miamba hiyo peke yake hautoshi kueleza ukosefu wa dhahabu, maana Japani na Papua New Guinea zina migodi tajiri katika miamba ya volkano iliyo michanga kuliko ya Nairobi. Kilichokosekana Embakasi ni maji ya moto yenye kemikali, yanayozunguka ndani ya mwamba kwa muda mrefu, yakichota dhahabu iliyotawanyika na kuilundika mahali pamoja.

Maji hayo yalikuwako Migori. Ukanda wa dhahabu wa Migori, ambao mwanajiolojia R. M. Shackleton aliuandikia ripoti rasmi ya serikali ya koloni mwaka 1946, ni sehemu ya miamba ya Nyanzian, yenye umri wa miaka bilioni 2.7 hivi, ambayo huvuka mpaka na kuingia Tanzania, ambako migodi ya North Mara na Geita imo katika miamba ya jamii hiyohiyo. Miamba ya Macalder ilianza kuwa lava na majivu chini ya bahari. Maji ya bahari yalipenya kwenye nyufa za sakafu, yakapashwa joto na magma iliyokuwa chini, yakayeyusha chuma, shaba, zinki na dhahabu kidogo, kisha yakafoka tena juu, na yalipokutana na maji baridi madini yale yakaganda papo hapo na kufanya chungu zito la salfaidi, yaani metali zilizoungana na salfa. Ni haki kukumbuka kwamba Shackleton na wenzake hawakuwa na mfano hai wa kuutazama, kwa kuwa chemchemi za namna hiyo hazikuonwa na binadamu hadi mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, na zile zinazotoa maji meusi kama moshi zilionekana miaka miwili baadaye. Kwa hiyo Macalder ni mgodi wa bahari zaidi kuliko wa ziwa: Ziwa Victoria, ambalo umri wake hukadiriwa kuwa miaka laki chache tu, lilikuja kujaa kando ya mwamba uliokwisha kuzeeka.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyowafaidi wachimbaji wa kwanza. Salfaidi zikiinuliwa karibu na uso wa ardhi na kukutana na hewa na maji ya mvua, hugeuka kutu, na salfa iliyomo hufanya asidi inayoyeyusha shaba na zinki na kuzishusha chini pamoja na maji. Dhahabu haiyeyuki kwa urahisi namna hiyo, hivyo hubaki palepale, na kadiri vilivyoizunguka vinavyoondoka ndivyo kiasi chake katika kila tani ya mwamba kinavyoongezeka. Kinachosalia juu ni kofia ya kutu ambayo wanajiolojia huiita gosani. Kipande cha gosani kikishikwa mkononi huwa chepesi kuliko ukubwa wake unavyoashiria, chenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu na njano, na ndani yake mna vishimo vya pembe nne, kila kimoja kikiwa nafasi iliyoachwa na punje ya pairaiti, ile salfaidi ya chuma yenye umbo la mchemraba. Kwa mtafutaji madini asiye na vifaa vingi, kutu ya aina hiyo juu ya kilima ni tangazo la wazi. Chini ya kofia, pale shaba iliyoshuka ilipotua, hupatikana tabaka lililoongezewa shaba, na chini yake salfaidi ambazo hazijaguswa.

Wakati nao ulikuwa mwafaka. Uingereza iliacha kiwango cha dhahabu, yaani mfumo wa kufunga thamani ya pauni kwenye dhahabu, Septemba 1931, mwaka uleule L. A. Johnson alipogundua dhahabu Kakamega na kuwavutia walowezi walioumizwa na mdororo wa uchumi, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya aunsi moja, yaani gramu 31.1, kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Migodi ya Nyanza ya enzi hizo ilitegemea njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusaga mwamba na kuupitisha juu ya zebaki, inayoshikamana na chembe za dhahabu zilizo wazi. Ya pili ilikuwa sianidi, iliyopewa hataza Glasgow mwaka 1887, ambayo kwa mmumunyo hafifu sana huyeyusha dhahabu iliyo ndogo mno kuonekana kwa macho, kisha dhahabu hiyo huangushwa kwa kutumia zinki. Mwamba uliokwisha kuoza, kama gosani, hukubali njia hizi vizuri, kwa sababu dhahabu yake imefunguliwa na kutu kabla kinu hakijaanza kusaga.

Chini ya kofia mambo hugeuka. Dhahabu iliyofungiwa ndani ya punje za pairaiti haiguswi na zebaki, na madini mengi ya shaba, hasa ya lile tabaka lililoongezewa, huyeyuka katika sianidi kwa wepesi na kuimaliza kabla haijaifikia dhahabu, jambo linalomfanya mwenye mgodi anunue kemikali ghali ili ailishe metali asiyoikusudia. Suluhisho la kiuchumi likawa kubadili mpangilio na kuifanya shaba kuwa bidhaa kuu. Kazi hiyo haikuwa ya watafutaji wadogo. Iliendeshwa na kampuni ya Macalder-Nyanza Mines kwa mtaji wa Shirika la Maendeleo ya Makoloni, lililoundwa na Uingereza mwaka 1948, na uzalishaji wa shaba ulichukua sehemu kubwa ya miaka ya 1950 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1960. Mbinu inayojulikana kwa mbale, yaani mwamba wenye madini, ya namna hii ni kuichoma kwa joto lililodhibitiwa hadi shaba igeuke chumvi inayoyeyuka, kuiosha kwa maji au asidi, kisha kutia vyuma chakavu ndani ya mmumunyo: chuma huyeyuka na shaba huganda mahali pake kama unga mwekundu. Skrepa ileile inayokusanywa kwa mikokoteni Eastlands ingefaa kabisa kwa kazi hiyo.

Mgodi ulifungwa mwaka 1966, mwaka uleule Geita ya zamani ilipofungwa ng'ambo ya ziwa, na wakati huo bei rasmi ya dhahabu ilikuwa bado dola 35, kama ilivyokuwa miaka 32 nyuma, ilhali mishahara, mafuta na mashine vilikuwa vimepanda. Kusema kwamba dhahabu ya Macalder ilikwisha ni kosa. Sehemu yake ilibaki katika mabaki ya kinu, yaani unga wa mwamba uliokwisha kusagwa na kumwagwa nje.

Wachimbaji wadogo wa Nyatike, ambao Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua rasmi, wamerudia njia ya kwanza karibu bila mabadiliko: mwamba husagwa, unga hupitishwa juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia, na kinachonaswa huchanganywa na zebaki kwenye karai, mara nyingi kwa mikono mitupu, kisha zebaki huchomwa ipotelee hewani. Njia hiyo huacha sehemu kubwa ya dhahabu katika unga, na ndiyo sababu unga huo hununuliwa tena na wenye matangi ya sianidi. Mabaki ya zamani ya Macalder hayashughulikiki kirahisi hivyo, kwa kuwa shaba iliyosalia ndani yake ingali inakula sianidi. Mtambo wowote utakaoyarudia utalazimika ama kuondoa shaba kwanza kwa asidi, ama kuirejesha sianidi kutoka kwenye shaba baada ya kazi, na gharama ya hatua hiyo moja ndiyo itakayoamua kama chungu hilo ni mali au ni taka.